Bati la gari la zamani limegoma kunyooka? Anza na dalili unayoiona

Maswali ni yaleyale kila siku, mara nimegonga kibonyeo kinarudi palepale, mara kimetoka ila sasa bati linacheza likibonyezwa, mara nimeshapaka rangi ndo naona mawimbi kama ya ziwa. Nimeyapanga kwa dalili, kwahiyo we nenda kwenye yako, ila hiki kipande cha mwanzo usikiruke maana nusu ya maafa yanaanzia hapo.

Kabla hujashika nyundo

Chukua sumaku ndogo, ifunge na kitambaa isikwaruze rangi, ipitishe gari zima. Gari za zamani sio zote za chuma. Land Rover za Series tangu 1948 sehemu kubwa ya bodi ni aloi ya aluminiamu, Corvette tangu 1953 ni faibaglasi, na Mercedes 300 SL ina bodi ya chuma lakini boneti, milango na mfuniko wa buti ni aluminiamu. Ukianza kupasha moto aluminiamu ukidhani ni chuma utakuja kutafuta boneti nyingine, na boneti za gari hizo hazijajaa barabarani. Sumaku inakuambia na kitu kingine: ikishika kwa nguvu hapa, alafu hatua moja mbele inashika kwa uvivu au inaanguka, hapo chini kuna puti nene (ile ya kupaka kujazia mabonde), yaani kuna mtu alishapita kabla yako.

Alafu angalia nyuma ya bati. Toa zulia, toa sponji, toa ile lami ya kuzuia kelele. Mkono na doli vinafika? (Doli ni kile kipande cha chuma kizito unachoshika nyuma ya bati wakati nyundo iko mbele, sio mdoli wa mtoto.) Kama havifiki, njia zako zinapungua sana na tutalirudia hilo.

Kusoma bati ni kwa mkono na mwanga. Vaa glavu nyembamba ya kitambaa au weka kitambaa chini ya kiganja, telezesha mkono wote mbele nyuma, usitumie ncha za vidole maana ncha zinasikia vumbi haziusikii umbo. Taa ya tyubu iweke pembeni, uangalie inavyojionyesha kwenye rangi, pale mstari wa mwanga unapopinda ndo ugonjwa ulipo. Rangi ikiwa imekufa haing'ai, lowesha bati na maji, litang'aa dakika mbili tatu zinazokutosha.

Dalili: nagonga katikati ya kibonyeo, kinatoka kidogo alafu kinarudi

Sababu namba moja, na naweza kusema karibu kila mara, ni kwamba unagonga katikati. Inaonekana ndo akili, katikati ndo kumeingia ndani zaidi kwahiyo pasukumwe nje, lakini bati halifanyi kazi hivo. Gari likigongwa kile kinachogonga kinaingia kwanza, alafu bati la pembeni linavutwa, na mwisho kabisa linajikunja kwenye ukingo wa kibonyeo linatengeneza tuta. Hilo tuta la mwisho ndo kufuli. Katikati mara nyingi bati halijaharibika kabisa, limeshikiliwa tu, linataka kurudi ila limefungiwa mlango. Kwahiyo unaenda kinyumenyume: kilichokunjwa mwisho ndo unakifungua kwanza. Anza nje kwenye tuta, rudi taratibu kuelekea katikati.

Jinsi yake, doli liko nyuma linasukuma bonde, nyundo iko mbele inapiga juu ya tuta lililo jirani. Vitu viwili tofauti, sehemu mbili tofauti. Ukipiga nyundo juu ya doli lenyewe, chuma kwa chuma, unalibana bati katikati na bati likibanwa linatanuka, umejitengenezea tatizo la pili kabla hujamaliza la kwanza. Mapigo mepesi mengi, nyundo irudi yenyewe kwa kudunda. Ukiona umekaza meno ujue unapiga kwa nguvu mno. Kibonyeo kikubwa kisicho na mkunjo mkali, ukifungua tuta vizuri kuna wakati kinaruka chenyewe mpaka unashtuka.

Sababu ya pili: kuna kitu nyuma kimepinda pamoja na bati. Mlango una fimbo ya ndani, boneti ina mbavu, madigadi ina vishikizo. Ubavu ukiwa umepinda utalivuta bati lirudi hata ugonge mpaka kesho. Nyoosha ubavu kwanza, au legeza bolti zake kidogo bati lipumue.

Ya tatu ni puti ya zamani au lami ngumu nyuma inayokataa bati lisitembee. Ikwangue. Usiichome, lami ya gari kuukuu inawaka vizuri kuliko kuni.

Ya nne, mara chache, gari zima limepinda na bati linavutwa na mwili wenyewe. Angalia gepu za milango, yaani ule uwazi mwembamba kati ya mlango na bodi. Zikiwa zimekaa vibaya acha nyundo, ruka mpaka dalili ya gepu.

Dalili: bati linaingia na kutoka likibonyezwa, linalia kama mfuniko wa kopo

Hapa ndo watu wanaharibu paneli nzuri kuliko sehemu nyingine yoyote, na mi mwenyewe niliharibu moja, madigadi ya Volkswagen Beetle, nikaipasha moto sehemu kama kumi hivi nikiamini imetanuka kumbe ilikuwa na tuta moja tu upande wa pili ambalo sikuliona. Ikajikusanya kama karatasi iliyolowana. Beetle kwa bahati madigadi zake zinafungwa kwa bolti, unatoa unaweka nyingine, ingekuwa gari ambalo madigadi zimechomelewa ningelia.

Kwahiyo kabla hujasema "limetanuka" fanya hivi. Bonyeza kwa kidole gumba pale linapocheza, lisikie. Sasa mkono mwingine ubonyeze pembeni, mzunguko wote, kiganja baada ya kiganja. Kama kuna sehemu ukiikandamiza mchezo unaisha, bati la katikati halijatanuka. Hiyo sehemu ya pembeni ndo mkosaji, kuna tuta au mkunjo haujafunguka na unalisukuma bati la katikati likose pa kwenda. Fungua huo, maliza. Hii ndo sababu ya kawaida kabisa.

Inayofuata ni kuchomelea. Weldi ikipoa inasinyaa, na mstari uliosinyaa unavuta bati la jirani, lile lililobaki katikati linakuwa limezidi. Tiba ni kuutanua ule mstari wa weldi. Saga kichwa cha weldi kwanza kikaribie usawa wa bati, alafu weka doli nyuma yake sawasawa na upige nyundo juu yake, chuma kwa chuma, hapa ni moja ya mahali pachache ambapo ile kubana niliyokukataza inatakiwa. Piga kidogo, pima, piga tena. Weldi ya gesi inakubali kirahisi kwa kuwa ni laini, ile ya mashine ya waya ni ngumu na inaweza kupasuka, kwahiyo huruma.

Sababu ya tatu ndo kutanuka kweli, bati limepigwa sana likawa jembamba na pana kuliko nafasi yake. Hapo ndo moto unaingia, na hii ni kwa chuma laini cha zamani tu, sio aluminiamu, wala sio vyuma vya nguvu vya gari za kisasa.

Tafuta kilele cha sehemu inayocheza, ikiwa imetokeza nje. Pasha doa moja dogo, ukubwa wa sarafu ndogo, milimita 10 hadi 15 hivi, mpaka liwe jekundu la kufifia, sio la kung'aa. Litavimba kama kichuguu. Haraka weka doli nyuma bila kusukuma, gonga pembeni ya kichuguu ukizunguka kisha kilele chenyewe, mapigo matano sita mepesi, alafu poza kwa kitambaa kilicholowa. Sasa subiri. Subiri kweli, mpaka ushike kwa mkono bila kuungua, maana bati la moto linadanganya umbo. Ndo ubonyeze tena. Mara nyingi doa moja au mawili yanatosha, na anayeweka doa la pili kabla la kwanza halijapoa ndo huyo anayerudi na paneli iliyojikusanya. Ukizidisha bati likavutika mno, unalilegeza kwa kugonga kidogo juu ya doli.

Wenye grainda wanaweza kutumia diski laini ya chuma kisichoshika kutu, haina msasa, inasugua inapasha moto zile sehemu zilizoinuka tu, unapoza na kitambaa. Ni ya upole zaidi na kwa anayeanza naipendelea kuliko moto. Ila ina kingo kali, isije ikagusa ukingo wa mlango, inakata na inaruka.

Onyo la moto, lisome hata kama ulikuwa unarukaruka: betri toa waya, tenki la mafuta na mipira yake vitoke kama unafanya kazi karibu, zulia na sponji nje, lami ya nyuma ikwanguliwe, mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi sio stoo. Mtu wa pili akae upande wa nyuma wa bati, maana moto unaanza pale usipoangalia. Na ukimaliza usiondoke, kaa karibu nusu saa ukinusa, moshi wa sponji huwa unakuja baadaye.

Acha na umwite fundi bodi kama linalocheza ni paa, au boneti pana iliyokaa karibu tambarare. Umbo lenye mviringo linakusamehe makosa, tambarare haisamehi.

Dalili: kwa mkono limenyooka, rangi ikipigwa naona mawimbi

Kwanza kabisa ni msasa wa vidole. Vidole vinne vinachimba mifereji minne. Tumia kibao kirefu cha msasa, mlalo wa mshazari, alafu mshazari wa upande wa pili. Kabla ya kusugua puliza ukungu mwepesi wa rangi nyeusi ya kopo juu ya praima (ile rangi ya msingi), sugua, pale peusi panapobaki ni bonde, pale chuma kinapotokea mapema ni tuta. Tuta ligonge lishuke, usilifukie. Watu wengi wanalizungushia puti mpaka lifiche kichwa, ndo unapata mlango wenye tumbo.

Ya pili, puti haijakauka sawa au praima imepigwa nene ikaendelea kusinyaa chini ya rangi. Mikwaruzo ya msasa mkali inajitokeza baada ya wiki kadhaa, sio mawimbi makubwa, ni mistari midogo. Hapo hakuna cha nyundo, ni kusugua na kurudia.

Dalili: gepu za mlango au boneti hazilingani

Wengi wanakimbilia kugonga ukingo wa mlango. Ngoja. Fungua mlango nusu, shika upande wa kitasa, uinue juu na kuushusha. Ukicheza, ni pini za bawaba zimelika, badilisha pini na bushi zake na pengine kazi imeisha bila nyundo. Kisha angalia bolti za bawaba na vile vibati vyembamba vya kujazia nafasi, kuna mtu labda aliviacha alipotoa mlango mwaka ule. Na mpira wa mlango, mpya ukiwa mnene kuliko wa asili unausukuma mlango nje.

Ikiwa bawaba ni nzima, angalia gepu lenyewe linasema nini. Linabana juu na kuachia chini, au kinyume chake? Funga mlango, inua gari na jeki mbele alafu nyuma. Gepu likibadilika ukiinua, mwili unanyumbuka katikati, na kwenye gari lisilo na shasi hiyo mara nyingi ni kutu kwenye lile boksi la bati chini ya mlango unalokanyaga ukiingia. Toboa rangi na bisibisi pale chini. Ikizama, huna tatizo la kunyoosha, una tatizo la kutu, na usikate hilo boksi bila kuweka nguzo za kushikilia uwazi wa mlango, ukilikata tu gari linakaa vibaya na mlango haufungi tena maisha.

Ikiwa hamna kutu, chukua futi kamba upime uwazi wa mlango kona kwa kona, mshazari huu na huu, fanya hivo upande wa pili wa gari pia, na kioo cha mbele pia. Gari la zamani halikutoka kiwandani limelingana kama saa, lakini pande mbili zikitofautiana zaidi ya milimita 3 hivi na kuna historia ya ajali, hapo ni shasi au nguzo (zile zinazobeba paa na milango) zimepinda. Hiyo ni ya mashine ya kuvutia na vipimo vyake. Usifunge mnyororo kwenye mti ukarudi nyuma na gari lingine, nimeona, nguzo ilikuja na kipande cha sakafu.

Dalili: laini ya bodi imepotea au imepinda

Ule mstari mkali unaokimbia ubavuni, ukipotea gari linaonekana limelewa. Kosa la kawaida ni kunyoosha bati la juu na la chini kwanza, mstari ukaachwa wa mwisho. Anza na mstari. Ndo sehemu ngumu kuliko zote kwenye paneli, ukikaa sawa unayavuta ya jirani yafuate. Bandika utepe wa karatasi kutoka sehemu nzima mpaka sehemu nzima upate njia yake, weka nyuma doli lenye ukingo unaofanana, mbele tumia patasi butu pana ya mbao ngumu au chuma kilicholainishwa mdomo. Patasi kali inakata. Nenda sentimita mbili mbili ukirudia, usitake kuumaliza kwa mpito mmoja.

Dalili: mkono haufiki nyuma

Nguzo, ukingo wa paa, baadhi ya milango ya nyuma. Zamani watu walitoboa matundu wakafunga skrubu wakavuta na nyundo ya kuteleza, na ndo maana leo ukikwangua puti unakuta chujio. Kila tundu ni mlango wa maji. Bora mashine ya kuchomelea vijipini vidogo kama misumari juu ya bati, unavuta, alafu unavikata na kusaga. Nayo inachoma rangi ya nyuma, kwahiyo puliza nta ya kuzuia kutu ndani ukimaliza. Vutia tuta likipigwa wakati uleule, mkono mmoja unavuta bonde mwingine unagonga tuta taratibu. Gundi za kuvutia zinafaa pale rangi bado imeshika, ila rangi ya miaka hamsini inaweza kubanduka na gundi ikabaki na kipande.

Dalili: puti inapasuka au inavimba

Unene. Ikizidi milimita 3 hivi ujue nyundo haikumaliza kazi. Au ilipakwa juu ya kutu au rangi inayoteleza, au bati la chini bado linacheza. Ikivimba ni unyevu: puti iliachwa wazi bila praima, au kuna tundu nyuma. Kwangua mpaka chuma, hakuna njia ya mkato hapo.

Ukikwangua ukakuta kitu cha kijivu kilaini kinachong'aa kwenye maungio ya nguzo na paa, simama, hiyo ni risasi (ile metali laini, lead, sio ya bunduki). Viwanda vingi vya zamani vilijazia maungio kwa risasi badala ya puti. Usiisage na grainda wala usiipulizie moto bila kinga, vumbi na moshi wake ni sumu. Iache kama imeshika. Na rangi zenyewe za zamani zinaweza kuwa na risasi, sugua kwa maji sio kukavu, vaa barakoa ya chujio sio ile ya kitambaa, nguo za kazi zisiingie ndani walipo watoto.

Dalili: bati limekuwa gumu, linapasuka

Chuma kikipigwa sana kinakomaa, kila pigo linakifanya kikatae zaidi. Ukisikia mlio umebadilika kutoka mzito kuwa mkali, kimeanza. Kipashe polepole, kiachwe kipoe chenyewe bila maji, kitalainika. Mpasuko uliokwishatokea toboa tundu dogo mwisho wake usiendelee, alafu chomelea.

Aluminiamu inakomaa haraka zaidi na ina balaa lake: haibadiliki rangi ikipata joto. Aluminiamu safi inayeyuka kwenye nyuzi joto 660, aloi chini ya hapo, na inatoka kuwa bati kwenda kuwa dimbwi bila kukuaga. Watu wa kazi hiyo wanapaka masizi ya moto wa asetilini (gesi ya kuchomelea) usio na oksijeni, kisha wanapasha taratibu mpaka masizi yapotee, hapo wanaacha. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Nyundo na doli zako za chuma zisafishe kabla, chembe za chuma zikizama kwenye aluminiamu zinaanzisha ulikaji chini ya rangi.

Hapa weka nyundo chini

Mkunjo uliofika kwenye nguzo ya mlango, mahali mkanda wa kiti umefungwa, mahali shokapu au mkono wa tairi umeshikwa, usukani, au shasi yenyewe. Tairi linalovuta upande mmoja baada ya kugongwa. Mlango uliokuwa unafunga jana leo haufungi na bawaba ni nzima. Hivo vyote mpe mwenye kifaa cha kupimia mwili wa gari, na umpelekee vipimo vyako vya kona kwa kona ulivyoandika kabla hujagusa kitu, pamoja na picha, maana akikuta umeshaanza kugonga itabidi akisie lilikuwa limekaaje.